Kabla umnunulie mathe vidonge vya omega-3

Wasee, hii kitu imenikera vya kutosha. Kila nikifungua simu, kuna mtu wa rika letu ameshika chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki akisema vinalinda moyo. Hata mimi nilitumiwa ofa nivitangaze. Doo ilikuwa poa, na tangu niache chuo, rent yangu hutoka kwa hizi video. Nilikataa, na sababu ni hii.

Hiyo stori haikutoka hewani. Miaka ya 1970, watafiti wa Denmark, Bang na Dyerberg, walienda Greenland wakapima damu ya Wainuiti, watu wanaokula sana samaki na sili. Wazo likazaliwa kwamba haya mafuta hulinda moyo. Baadaye likatiwa kwenye chupa likauzwa.

Halafu likapimwa vizuri. Marekani, utafiti wa VITAL ulifuata watu 25,871 kwa miaka kama 5. Nusu walimeza gramu 1 ya omega-3 kila siku, nusu vidonge bandia. Matokeo yalitoka 2018: ukijumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, hakukuwa na tofauti ya maana. Mwaka huohuo Uingereza, ASCEND ilipima watu 15,480 wenye kisukari. Jibu lilikuwa lilelile.

Ni kweli kuna dawa ya omega-3 ya dozi kubwa ambayo daktari huandikia wagonjwa fulani. Hiyo si ile chupa ya kwa video. Na dozi kubwa inaweza kuongeza hatari ya moyo kudunda ovyo.

Mathe wangu humeza dawa ya presha kila siku. Mtu wa kwanza kuamini video yangu ni yeye. Nikimwambia chupa inalinda moyo, na pesa inatosha kitu kimoja tu, unadhani ataacha gani?

Samaki mwenyewe sina shida naye. Shirika la moyo la Marekani linashauri kula samaki mara 2 kwa wiki, hasa wenye mafuta. Omena wa Ziwa Victoria wana hayo mafuta ya omega-3, na sokoni wanapimwa kwa gorogoro.

Kwa hivyo hiyo pesa ya chupa, mnunulie mathe omena, na umpeleke apimwe presha. Dawa zake asiache.