Ukigongwa na Boda Kesho, Msimbo Wako Unabaki na Nani?

Wasee wa kuunda programu, leo nawasema nyinyi, na mimi nikiwa ndani. Tunapenda kubishana ni lugha gani ya programu kali na ni seva gani rahisi. Lakini kuna swali tunalikwepa kama deni la dukani: mteja amelipa, mfumo unafanya kazi, sasa msimbo unakaa na nani?

Wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza: msimbo ni wangu, uko kwa laptopu yangu, mteja akinihitaji anitafute. La pili: chukua yote kwa flashi, tuachane kwa amani. Kwa jibu la kwanza, mteja ni mateka wako. Kwa la pili, mateka ni wewe. Wiki ijayo kuna mpwa wa katibu "anayejua kompyuta", na mfumo wako unauzwa Bungoma kwa nusu bei.

Halafu hilo neno "ni wangu" lina shimo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa kufanya, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kama mlikubaliana kwa simu na mkashikana mikono, bana, huenda si wako hata kidogo.

Mimi niko huku Trans-Nzoia, karibu na mpaka wa Suam. Kazi zangu za programu ni za vikundi vya wakulima: nani ameleta lita ngapi za maziwa, nani amekopa mbegu, nani analipwa ngapi mwisho wa mwezi. Mweka hazina wa kikundi kimoja aliniuliza mbele ya kamati nzima: "Sasa kijana, ukigongwa na boda kesho, hii kitu tutaifungua na nani?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo swali la maana leo."

Chuo niliachia njiani, sina cheti cha kutundika ukutani. Msimbo ndio shamba langu, siwezi kuugawa ovyo. Lakini pia siwezi kumwambia mama anayelipa karo kwa pesa ya maziwa kwamba rekodi zake zitazikwa na mimi.

Kuna njia ya tatu, na jina lake Kiswahili kilikuwa nalo kabla ya kompyuta kuja: amana. Kwenye biashara ya programu inaitwa eskro. Mtu wa tatu anashika nakala ya msimbo, na mteja haipati mpaka litokee jambo lililoandikwa kwenye mkataba. Mkulima wa Kitale anaelewa haraka. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019, unapeleka mahindi kwa ghala lililoidhinishwa, unapewa stakabadhi, na mahindi yanabaki yako ingawa hayako kwako. Benki inaweza kukukopesha kwa hiyo karatasi kwa sababu inaamini mahindi yapo, na kwamba huwezi kwenda usiku kuyabeba.

Usidhani hii ni shida ya sisi wadogo. M-Pesa ilianza 2007, na jukwaa lake lilikuwa mali ya Vodafone hadi 2020, Safaricom na Vodacom walipolinunua pamoja na chapa yake. Na mfumo wa SHA, ule wa shilingi bilioni 104.8? Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, aliandika kwenye ripoti ya mwaka wa fedha 2023/24 kwamba serikali haiumiliki wala haiudhibiti. Kama serikali nzima inaweza kujikuta hapo, kikundi cha maziwa je?

Sawa, unamchagua vipi mtunza amana? Mimi naangalia haya.

Asiwe wa upande wowote. Wakili wa mteja hapana. Beshte yako pia hapana.

Masharti ya kuachilia yawe ya kuhesabika. "Akishindwa kutoa huduma" ni mlango wazi wa ugomvi. Andika hivi: hitilafu inayozuia malipo imeripotiwa kwa maandishi, siku 14 zimepita, hakuna aliyejibu. Andika kifo, andika ugonjwa wa muda mrefu, andika kufungwa kwa kampuni. Halafu jilinde na wewe: mteja mwenye deni haachiliwi kitu, na ukipewa notisi uwe na siku kadhaa za kupinga. Mtunza amana asiyekupa nafasi ya kupinga, mpite.

Aukague mzigo. Hapa ndipo wengi wanauziwa hewa. Kuna anayehesabu faili tu na kukupa risiti. Kuna anayechukua kompyuta tupu, akafuata maelekezo yako, akaona kama mfumo unaamka. Huyo wa pili ndiye unamtaka. Kwa hivyo msimbo pekee hautoshi. Weka maelekezo ya kuujenga, orodha ya maktaba na matoleo yake, na muundo wa hifadhidata. Lakini majina na namba za simu za wakulima usiweke, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu na wewe pia.

Asasishe. Nakala ya miaka miwili iliyopita ni picha ya ukumbusho. Uliza kama anavuta mabadiliko moja kwa moja kutoka Git, au kila mara ni wewe umkumbushe.

Na yeye mwenyewe akiuzwa? Mwaka 2021 NCC Group ya Uingereza ilinunua biashara ya amana za programu ya Iron Mountain kwa dola milioni 220. Wateja walilala na mtunzaji mmoja, wakaamka na mwingine. Si vibaya, mradi mkataba wako unasema nakala inaenda wapi, na una ruhusa ya kuihamisha.

Mwisho, bei. Kampuni za nje hulipisha kwa mwaka, kwa pesa za kigeni. Kwa mfumo wa benki, sawa. Kwa kikundi cha watu 60, manze, hapana. Hapo naona njia ya kienyeji inatosha: wakili asiye wa upande wowote anashika diski iliyofungwa kwa nywila, nusu ya nywila iko kwa mtu mwingine, na kila miezi 6 fundi wa pili anaujaribu mzigo kwa kompyuta tupu. Gharama iandikwe kwa mkataba, agharamie mteja, kwa sababu anayenunua usingizi ni yeye.

Tena kuna vitu amana haigusi kabisa. Jina la tovuti, akaunti ya seva na paybill viwe kwa jina la mteja kutoka siku ya kwanza. Na amana ikiachiliwa, mkataba useme mteja anaweza kuufanyia nini msimbo: kuutunza kwa matumizi yake, ndiyo. Kuuza Bungoma, la.

Kuna wasee wataniambia hii ni kumfundisha mteja kuishi bila wewe. Haswa. Mteja anayebaki nawe huku anajua anaweza kuondoka, huyo ndiye mteja. Yule mwingine anangoja tu mpwa wa katibu amalize masomo.

Sasa niambie kwa maoni: mfumo wako mkubwa zaidi, nakala yake iko wapi saa hii? Na usiseme "kwa laptopu".