Kabla ya kupeleka watoto kijijini, ingia kwanza darasani

Tangu mwanzoni mwa 2025, familia zilipoanza kutoka Goma na Bukavu na kufika huku kwetu Maniema, kuna swali moja ambalo halikauki kwenye simu ya redio. Si la vita. Ni hili: "Ndugu mwandishi, tumepata shamba kijijini. Je, kule shule iko?"

Jibu la haraka ni kwamba shule iko. Karibu kila kijiji kikubwa kina shule ya msingi. Lakini neno "iko" linaweza kumdanganya mzazi. Kibao kinaweza kuwepo na mwalimu asiwepo. Mwalimu anaweza kuwepo na darasa la sita lisiwepo. Na mtu akishauza vitu vyake Kindu, akabeba watoto na sufuria juu ya pikipiki, kurudi nyuma kunagharimu kuliko kwenda.

Jambo hili lilifika hadi nyumbani kwangu. Dada yangu aliolewa Bukavu. Mji ulipotekwa Februari 2025, yeye na mume wake waliondoka na watoto watatu, wakapitia Shabunda, wakafika Kindu wamechoka sana. Tuliishi pamoja kwangu, watu tisa katika vyumba viwili. Shemeji alikuwa mfanyabiashara. Hapa hakuwa na mtaji wala duka. Mjomba wetu wa teritoria ya Kailo akasema: njooni, udongo upo, mpunga unakubali. Kwa mtu anayenunua mchele kwa kikombe kila jioni, maneno kama hayo ni dawa.

Dada akauliza neno moja tu: shule. Binti yao alikuwa darasa la tano, yaani mwaka mmoja tu kabla ya mtihani wa serikali wa kumaliza shule ya msingi. Mdogo alikuwa darasa la pili. Mkubwa, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa sekondari. Nikamwambia tusibahatishe. Twende tuone, na twende mwezi wa tano, masomo yakiwa bado yanaendelea, maana mwezi wa saba na wa nane shule zote ni nzuri: zimefungwa, kimya, zimefagiwa.

Kabla ya safari nilitaka wote wawili waelewe mambo ambayo wahamaji wengi huyachanganya. La kwanza ni malipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza hilo. Hiyo ni shule ya msingi. Sekondari bado mzazi analipa. La pili ni jina la shule. Wengine wakiona kibao cha Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu wanapita, wakidhani ni shule ya kibinafsi au ya waumini tu. Hapana. Tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, hizo ni shule za umma zinazosimamiwa na dini. Katika Maniema, ukiziacha hizo, utabaki na chache sana za kuchagua.

Tulivuka mto Lualaba kwa pirogi hadi Alunguli, tukachukua pikipiki mbili. Vijiji vilikuwa viwili. Sivitaji kwa jina, kwa sababu walimu wa huko wana shida za kutosha bila mimi kuwaongezea.

Kijiji cha kwanza ndicho chenye shamba la mjomba. Shule yake ilimfurahisha shemeji tangu mbali: matofali, mabati yanayong'aa, kibao cha shirika lililojenga, vyumba sita. Tulifika siku ya Jumatano, saa tatu ya asubuhi. Vyumba viwili ndivyo vilivyokuwa wazi. Katika kimoja mwalimu mmoja alikuwa na darasa la tatu, la nne na la tano pamoja, kila kundi likitazama ukuta wake. Mkurugenzi na wengine walikuwa wamekwenda Kindu kuchukua mshahara, na hakuna aliyejua watarudi lini. Hilo si kosa lao peke yao. Mwalimu wa kijijini anaweza kupoteza juma zima njiani kwa ajili ya mshahara ambao sehemu yake inaliwa na safari yenyewe. Lakini mtoto naye anapoteza juma hilo hilo, kila mwezi. Kwenye ubao wa chumba cha pili kulikuwa na tarehe ya Alhamisi iliyopita, safi kabisa, haikufutwa.

Dada hakusema kitu. Alimwomba mtoto mmoja daftari lake, akalifungua katikati, akahesabu kurasa. Kuanzia Septemba hadi Mei, kurasa kumi na saba. Hakuna alama ya kalamu nyekundu hata moja.

Kisha nikauliza darasa la sita liko wapi. Mwalimu akacheka kidogo, si kwa dharau, akanionyesha wavulana wanne wamekaa chini ya mwembe. Darasa la kwanza lilikuwa limejaa hata mlangoni. Wale wengine wamekwenda wapi katika miaka mitano? Wapo kwenye machimbo ya kasiterite, wengine mashambani, na wasichana, mwalimu akasema, "wamekuwa wakubwa." Nimekuwa nikifanya kazi ya redio kwa miaka kadhaa, na sijui swali linalosema ukweli wa shule kuliko hilo. Hesabu wa darasa la kwanza, hesabu wa darasa la sita, kisha hesabu wasichana peke yao. Huhitaji kuwa inspekta.

Kijiji cha pili kiko mbele zaidi, na barabara yake ni mbaya. Shule ni ya udongo, paa la majani, mabenchi ni miti iliyopasuliwa. Mvua ikinyesha, watoto wa upande mmoja wanahamia upande mwingine. Niliona wenyewe walivyo na mazoea, hata mwalimu haamrishi. Lakini walimu walikuwa sita, na wote sita walikuwa darasani. Mkurugenzi, mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi kwa makala, alitoa kitabu cha mahudhurio bila kuombwa mara mbili. Darasa la sita lilikuwa na watoto ishirini na nane, kumi na mmoja wakiwa wasichana. Dada akafungua daftari tena. Imla ya Kifaransa, imesahihishwa, na makosa yameandikwa upya na mtoto chini yake.

Nikauliza swali ambalo wazazi wanaona aibu kuliuliza: kati ya walimu hawa, wangapi wanalipwa na Serikali? Wanne, akasema. Wawili ni wale tunaowaita NU, walimu wapya ambao majina yao bado hayajaingia kwenye orodha ya malipo, ile ambayo wengi bado wanaiita ya SECOPE. Hao wawili wanaishi kwa mchele na mafuta ya mawese ambayo wazazi wamekubaliana kwenye mkutano, kila nyumba kadiri inavyovuna, na mtoto wa asiye na kitu hafukuzwi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mmoja muuza chumvi, alituthibitishia jambo hilo sokoni, bila kujua sisi ni akina nani.

Kuna watakaosema: basi si bure tena. Kweli, kisheria mzazi hapaswi kutoa kitu. Lakini mimi namwamini zaidi mkurugenzi anayeniambia wazi habari ya kikombe cha mchele kuliko yule anayeapa kwamba kila kitu ni bure, kisha mwezi wa kumi mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya "karatasi", "fagio" au "kuni za mwalimu". Ukifika kijijini usimuulize mkurugenzi peke yake. Waulize akina mama kisimani mtoto wa nani alifukuzwa mwaka huu, na kwa nini.

Kulikuwa pia na suala la hati. Buletini za watoto zilibaki Bukavu katika nyumba ambayo sasa hatujui nani analala humo. Hili linawatesa wahamaji wengi, na wengine wanaona haya wanakaa na watoto nyumbani. Mkurugenzi yule alimpa binti ukurasa wa Kifaransa asome, akampa hesabu nne za sehemu, akaziangalia, akasema anaweza kuingia la sita Septemba, lakini cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema kwa sababu ya mtihani. Mdogo alisoma Kiswahili vizuri, Kifaransa kidogo. Hiyo haikumshangaza mtu: madarasa ya mwanzo hapa yanafundishwa kwa Kiswahili. Watoto wa kijiji nyumbani wanaongea Kisongola, kwa hiyo mtoto wa Bukavu alikuwa na nafasi ya kuringa kidogo.

Usifikiri basi kwamba mambo yaliisha hapo. Tuliporudi Kindu, dada na mume wake walibishana jioni mbili. Shemeji alikuwa na hoja, na sikuweza kuikataa: shamba la mjomba liko kijiji cha kwanza, karibu na mto, hakuna wa kulipa. Kijiji cha pili sisi ni wageni. "Mtoto mwenye njaa atasoma nini?" alisema. Dada akamjibu kwamba binti akikosa mtihani huo mwaka mmoja, hatarudi darasani mwaka unaofuata. Atakuwa "mkubwa", kama wale wa kijiji cha kwanza. Nilinyamaza. Mambo ya nyumba ya mtu si ya mwandishi wa habari, hata kama ni nyumba ya dada yake.

Walihamia kijiji cha pili mwezi wa nane. Mkuu wa kijiji aliwapa kipande cha ardhi baada ya mbuzi mmoja na mazungumzo marefu, lakini kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na nusu yake ni msitu wa kukata upya. Msimu wa kwanza walipanda mpunga kidogo tu. Mihogo bado. Kuna majuma walikula kwa msaada wa majirani na kwa pesa ndogo ninayotuma kwa simu, na shemeji hakuacha kunikumbusha udongo wa mjomba. Kuna pia kijito kati ya nyumba yao na shule; mvua kubwa ikinyesha, mdogo hawezi kuvuka peke yake, na dada anachelewa shambani ili ambebe mgongoni. Tulikiona kijito hicho mwezi wa tano, lakini siku ile maji yalikuwa ya magoti.

Kijana mkubwa alibaki kwangu Kindu. Kule sekondari ya karibu ingemtaka apange chumba peke yake, na mtoto wa miaka kumi na minne akiishi peke yake karibu na machimbo hasomi muda mrefu. Kwa hiyo karo yake iko juu yangu, na kila mwisho wa wiki anauza makala na mke wangu ili tusaidiane.

Juma lililopita dada alipanda kilima kutafuta mtandao akanipigia. Walimu wa shule ni watano sasa. Mmoja wa wale wawili wasiolipwa amechoka, amekwenda machimboni. Mkurugenzi amechukua darasa lake pamoja na la kwake. Orodha ya majina ya mtihani inaandaliwa, na jina la binti kwenye cheti cha kuzaliwa tulichotafuta limeandikwa na herufi moja isiyo yake. Dada anataka niende kwenye ofisi iliyotoa cheti, nikasahihishe kabla orodha haijaondoka. Nitakwenda kesho asubuhi, kabla ya taarifa ya habari.