Tulitaka kufunga tabo kwenye gari la mzee

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili usiku. Hata salamu hakumaliza vizuri. "Dada, tufunge tabo. Milioni tatu na nusu, kazi imekwisha."

Sikuhitaji kuuliza gari gani. Nyumbani kwetu, upande wa Serengeti, si mbali na Mto Mara, gari ni moja tu: Land Cruiser mkonga ya mwaka 1996, nyeupe iliyogeuka rangi ya vumbi, ambayo baba aliinunua kwenye mnada wa mradi mmoja uliofunga shughuli zake. Dashibodi inaonyesha kilomita 486,000, na kebo ya kuhesabia ilikatika miaka miwili iliyopita.

Wala sikuhitaji kuuliza kwa nini. Wiki tatu kabla ya simu hiyo, mke wake, wifi yangu, alishikwa na uchungu usiku akaanza kutoka damu. Walimkimbiza Tarime, maana ndiko alikokuwa akihudhuria kliniki na ndiko kwao. Kutoka bondeni mwa mto barabara inapanda kuelekea Nyamongo, inapita Nyamwaga, hadi Tarime mjini. Mdogo wangu anasema kwenye mlima gari lilirudi gia ya pili, likatoa moshi mweusi, likawa linatambaa. Amekanyaga mafuta hadi mwisho, mkewe anaugulia kiti cha nyuma, na lori la mchanga linawapita.

Mama na mtoto ni wazima. Wifi aliongezewa damu chupa mbili. Ila nesi mmoja alimwambia mdogo wangu, "Mngechelewa kidogo tu," na neno hilo halijamtoka kichwani mpaka leo.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, nakaa Mwanza, na kati yetu ndiye mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa hiyo swali la tabo lilikuwa swali langu. Nikachukua likizo ya siku tano, nikapanda basi.

Kwa wasiojua: tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma dizeli zaidi, na nguvu inaongezeka. Si jambo geni, Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Na kwa mikoa kama yetu lina mantiki. Tarime mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, mithili ya mtu mwenye upungufu wa damu anayepandishwa ngazi. Nilipomwambia hivyo mdogo wangu alicheka: "Wewe kila kitu hospitali." Lakini alifurahi. Alidhani nimeshakubali.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa siku nyingi mjini Tarime. Alizunguka gari mara moja, akavuta kijiti cha oili, akakinusa.

"Injini hii ni 1HZ," akasema. "Haikuzaliwa na tabo."

Alichotueleza nilikihakiki baadaye, na ni kweli. Toyota waliitoa 1HZ mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, nguvu za farasi wapatao 130. Ni injini ya punda, haikimbii lakini inafika. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1. Walipotengeneza dada yake yenye tabo, 1HD-T, walishusha mgandamizo hadi chini ya 19, wakabadili pistoni na hata namna dizeli inavyopulizwa. Ukichukua 1HZ kama ilivyo ukaishindilia hewa na dizeli ya ziada, joto linapanda, na cha kwanza kuumia ni silinda hedi au gasketi, au pistoni zenyewe.

"Lakini wapo waliofunga, na zinatembea," mdogo wangu akasema.

"Wapo, mura. Wanafunga kwenye injini nzima. Wanasukuma hewa kidogo, wanaweka geji ya joto la moshi, na dereva anajua kuisoma. Wewe utaisoma usiku, mkeo analia?"

Kisha akapima. Aliingiza geji kwenye silinda moja baada ya nyingine na kunitajia namba, mimi nikiandika. Nne zilikaribiana. Ya tatu na ya tano zilikuwa chini sana. Akadondoshea oili kidogo ndani ya hizo mbili, akapima tena, namba zikapanda. Maana yake, akasema, ringi zimelika. Oili imeziba pengo kwa muda tu. Tabo nayo inaishi kwa oili hiyohiyo ya injini, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kuifunga kwenye injini inayovuja pumzi na yenye oili iliyochoka ni kununua vifo viwili kwa bei ya kimoja.

Mdogo wangu alitoka nje ya gereji akasimama peke yake kando ya barabara.

Ningeweza kuishia hapo, fundi amekataa na hela zangu zimepona. Lakini kuna jambo lililonikera tangu Mwanza, nalo ni hesabu ya muda. Nikamuuliza fundi, kama tabo ingekuwepo usiku ule na injini ingekuwa nzima, ingeokoa dakika ngapi kutoka mtoni hadi hapa? Akafikiri. Barabara yenyewe hairuhusu mbio, akasema, labda dakika kumi, labda kumi na tano.

Usiku huo nyumbani nilifanya kazi niliyosomea. Nilichukua daftari nikamuuliza kila mtu, mmoja mmoja, saa ngapi ilikuwa nini. Mama aliona damu saa nne usiku. Gari liliwashwa saa saba kasoro robo.

Karibu saa tatu! Ufunguo ulikuwa chini ya mto wa baba, na gari hilo haliguswi bila yeye kusema. Wifi asingeweza kwenda kumgongea baba mkwe. Kwetu heshima kati ya mke wa mwana na mkwe wake ni ya kukaa mbali, na damu ndiyo kabisa haitajwi. Mama aliogopa kumwamsha kwa jambo ambalo "huenda litatulia". Alipomwamsha hatimaye, baba alisema asubiriwe mwenye mke, aje na hela. Mwenye mke alikuwa anarudi kutoka kazini Sirari, simu imezimika chaji. Tangi lilikuwa na dizeli ya kufika Nyamongo tu. Jirani anayejua kuendesha alikuwa amelala hatua mia moja kutoka pale, na hakuna aliyemwita.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba wanawake wajawazito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa wakifika. Nimeandika habari hiyo sijui mara ngapi. Nimeiandika kuhusu watu wa wilaya nyingine, nikinukuu wakunga na kupiga picha barabara mbovu. Ilipotokea kwetu, mimi pia nilikimbilia njiani. Nilikuwa tayari kutoa milioni tatu na nusu kununua dakika kumi na tano.

Kumwambia baba ilikuwa kazi nyingine. Nilimkuta asubuhi amekaa chini ya mwembe, nikapiga goti nikamsalimu, nikamsomea saa zote bila kuongeza neno langu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuona nimekosea kuja. Mwishowe akauliza, "Haya utayaandika gazetini?" Nikamwambia akikataa sitaandika. Hakujibu hilo. Alisema, "Mama yako angeniambia ni damu." Mama, aliyekuwa anapeta mchele pembeni, akasema bila kuinua kichwa kwamba alimwambia. Sikuingilia. Hayo ni ya kwao.

Gari tulilitengeneza, bila tabo. Tulibadili nozeli, chujio la hewa na oili, tukazibua rejeta, fundi akaweka sawa pampu. Bado linapanda polepole lakini moshi mweusi umepungua sana, na halichemshi tena. Zilizobaki tumeziweka kwa ajili ya ringi, maana injini lazima ifunguliwe mwaka huu. Sehemu nyingine ilinunua dumu la lita 20 za dizeli linalokaa stoo, na limekatazwa kuguswa kwa safari za sokoni.

Ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa jiko la mama. Baba mwenyewe ndiye aliyeupigilia, siku nimeshaondoka, sikuwepo kuona.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alipata degedege usiku. Mama aliuchukua ufunguo, akamwamsha baba wa mtoto, wakaondoka. Baba alitoka nje na tochi aliposikia mngurumo, akakuta uwanja mtupu. Mama anasema aliporudi alfajiri alimkuta bado amekaa nje, na alichouliza ni kama walikumbuka kubeba lile dumu.

Mdogo wangu hajaacha. Kila wiki ananitumia picha za tabo za mtumba kutoka ng'ambo ya Sirari, na bei. Anasema injini ikifunguliwa kwa ajili ya ringi, basi tuongeze na pistoni, tuone.