Kodi ya Nyumba na Mvua za Nduguti

Ndugu msomaji, mfanyakazi anayekusudia kuweka kiinua mgongo chake katika nyumba ya kupangisha hupiga hesabu ya tofali, bati na saruji, kisha huzidisha kodi ya mwezi mmoja kwa kumi na mbili. Hesabu hiyo ni pungufu, kwa kuwa haikuingiza hali ya hewa.

Katika miji ya Kanada na kaskazini ya Marekani, kila majira ya baridi mwenye nyumba hugharimia kuondoa theluji mlangoni na njiani. Ikirundikana juu ya paa huweza hata kuliangusha. Sisi theluji hatunayo ila kileleni mwa Kilimanjaro, lakini tunayo mvua na tope lake. Kule Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iramba, walikuja watumishi wenye kuhitaji vyumba, nasi katika ukoo wetu tukaiona nafasi.

Wazee wa Singida walilijua jambo hili tangu zamani. Tembe, ile nyumba ya paa bapa la miti na udongo, ilitiwa udongo mpya na kuzibwa nyufa kabla ya mvua, kwani maji yakituama juu paa huwa zito na boriti huvunjika. Bati limeiondoa kazi hiyo juu na kuishusha chini: maji yateremkayo kwenye upenu huchimba msingi, tofali mbichi zikalainika na ukuta ukapasuka.

Shangazi yangu hupangisha vyumba vitatu huko, na kodi hiyo ndiyo sare na madaftari ya wajukuu wake. Kila Oktoba huzibua mtaro na kushindilia udongo kandokando ya msingi. Huniambia, "Mwanangu, kodi ya Januari hulipwa na jembe la Oktoba." Kiangazi kimoja tuliletewa nyumba ya bondeni kwa bei nafuu. Ndugu wakataka inunuliwe upesi. Shangazi akakataa hata kuitazama mpaka mvua inyeshe. Akainunua mtu mwingine. Januari njia ya mbele ya nyumba ile ikawa mto, wapangaji wakahama, na mwenyewe akawa akizoa tope kwa jembe aliloazima kwa shangazi. Hatukucheka, maana fedha ile ilikuwa akiba ya maisha yake yote.

Basi tuhesabu. Tuseme chumba kinatoa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Kikikaa kitupu miezi miwili ya mvua, zimepotea 60,000. Ukitengeneza ukuta kwa 90,000, unabakiwa na 210,000.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kiwanja kitazame mara mbili: wakati wa jua na wakati wa mvua. Waulize majirani maji hupita wapi. Tenga fedha ya matengenezo kabla ya kuihesabu faida. Ukiishi mbali, mtafute mtu wa kuiangalia nyumba, nawe umlipe. Mpangaji hutoa kodi ili watoto wake walale pakavu. Akilikosa hilo, ana haki ya kuhama.