Barafu ya Mombasa Road Inataka Mtangazaji

Kama unaishi Kitengela na kazi yako iko tao, kuna mahali unapita kila asubuhi bila hata kugeuza shingo. Mathree ikishatoka Namanga Road, ikapigania njia na malori pale Athi River, ikapita Mlolongo na ile njia ya kuingia uwanja wa ndege, kuna hoteli inaitwa Panari. Ndani yake kuna barafu. Si ya kuweka kwa soda. Ni uwanja wa kuteleza, uko hapo tangu 2005, na ndio nyumba ya timu ya Kenya ya hoki ya barafu, Ice Lions.

Komenti yenu naijua hata kabla mwandike. "Sisi huku tunanunua maji kwa mtungi, wewe unatuletea maji yameganda." Hiyo imenichekesha kila mara nimeisoma, na ni kweli tupu, juu hata leo asubuhi nimesikia lori la maji likipiga honi kwa ploti. Lakini sitaki kubishana kama Kenya inahitaji barafu au haihitaji. Barafu iko. Mimi nataka tuongee kuhusu kitu kingine: mchezaji akishavua vile viatu mara ya mwisho, anaenda wapi?

Kuna jamaa anaitwa Kevin Weekes. Alizaliwa Toronto 1975, wazazi wake walitoka Barbados, yaani watu wa jua kama sisi. Alikuwa kipa. Florida walimchagua mwaka wa 1993, akaanza kucheza ligi kubwa ya NHL 1997, na hadi anamaliza 2009 alikuwa amepita timu saba. Saba! Hapo ushajua hakuwa yule staa ambaye timu inajengwa kumzunguka. Alikuwa kipa mzuri anayenunuliwa, anauzwa, anakaa benchi, anaitwa mwenzake akichoka. Mwaka wa 2002 akiwa na Carolina kwenye mechi za mtoano huko Montreal, mtu kwa mashabiki alimrushia ndizi. Sihitaji kuwaeleza ndizi maana yake nini.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka uleule alistaafu, 2009, aliingia Hockey Night in Canada, hiki ni kipindi ambacho familia nzima za Kanada hukaa kitako Jumamosi usiku kukitazama, akawa mchambuzi. Baadaye NHL Network. Tangu 2021 yuko ESPN. Na kitu kinachonifurahisha zaidi kama mtu wa kutengeneza vidio: habari zake kubwa, nani ameuzwa, nani amesainiwa, nani amefutwa, nyingi anazitoa akiwa ameshika simu yake mwenyewe. Anatembea barabarani, au yuko ndani ya gari, anajirekodi, anaposti. Makampuni ya televisheni yenye kamera za mamilioni yanasoma habari kutoka kwa simu ya kipa mstaafu. Buda, hiyo simu hata wewe unayo.

Nimejiuliza kwa nini kipa ndiye akafaulu hivyo. Nadhani ni kwa sababu kipa huona mchezo wote ukija mbele yake. Wale wengine watano wanakimbizana na paki, kile kidude cheusi cha mpira mgumu, lakini kipa anaona nani ameachwa wazi, nani amechoka, nani anadanganya ataenda kushoto. Na kazi yake nusu ni mdomo. Anapigia mabeki kelele mechi nzima. Halafu zile siku za benchi, ambazo wachezaji wengi huziona kama laana, ni shule. Umekaa, huna la kufanya, unasoma mchezo. Ukifanya hivyo miaka kumi na kitu, hata bila kujua umesomea utangazaji.

Si Weekes peke yake. P.K. Subban, aliyeshinda tuzo ya beki bora wa NHL 2013, alistaafu 2022 na sasa anachambua ESPN. Huyu mavazi yake pekee ni kipindi kizima. Kule ni njia iliyokwisha lainishwa: unacheza, unaumia, unazeeka, unaingia studio.

Kwetu je? Mchezaji wa Kenya akimaliza, njia ninazoziona ni shamba, biashara ya kuungaunga au kura. MacDonald Mariga alichukua Champions League na Inter Milan 2010, mwaka wa 2019 tukamwona Kibra akiomba ubunge. Wesley Korir alishinda Boston Marathon 2012, mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany. Sina neno na siasa, kila mtu na njia yake. Lakini ule ujuzi walionao kichwani, wa kujua mwili unasema nini kilomita ya 35, au straika anafikiria nini kabla mpira haujamfikia, unaenda wapi? Unaishia kwa stori za harusini. Halafu tunakaa mbele ya tivii tukisikiliza mtu ambaye hajawahi kukimbilia hata mathree akituambia mkimbiaji "hana moyo".

Na hapa ndipo Ice Lions wananiuma roho, maana wao hata hiyo harusini hawatapata wa kuwaelewa.

Hawa watu hawalipwi kucheza. Wana kazi zao, wana shule zao, wanaenda Panari kwa upendo tu, kwenye uwanja ambao ni mdogo kuliko ule wa kawaida. Kwa muda mrefu shida yao haikuwa kushindwa. Shida ilikuwa hakuna wa kucheza naye! Timu moja, nchi nzima. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons (ambayo kwa njia ilianzishwa na mchezaji wa hoki, Tim Horton mwenyewe) iliwapeleka Toronto, wakacheza mechi na timu ya huko, na ghafla Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia kucheza upande wa Kenya. Kama hujui hoki, ni kama uko Kitengela kwa uwanja wa vumbi, halafu Messi anakuja anauliza, "Naweza kuingia?" Septemba 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Ile vidio ya Toronto ilizunguka dunia. Ilitengenezwa na Wakanada, kwa ajili ya Wakanada, kuuza kahawa ya Wakanada. Nzuri sana, mimi mwenyewe ilinitoa machozi, sitasema uongo. Lakini nimetafuta kwa bidii mechi ya Ice Lions iliyotangazwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kama mchezo, na si kama maajabu ya "Waafrika kwenye barafu". Sijapata.

Mtu ataniambia Kiswahili hakiwezi, mchezo ni wa kasi mno. Haya, tusikilize hii. Kule Kanada tangu 2008 kuna matangazo ya hoki kwa Kipanjabi. Mtangazaji wake Harnarayan Singh ni Singasinga aliyezaliwa Alberta, wazazi wake ni wahamiaji. Mwaka wa 2016 kwenye mechi ya kwanza ya fainali, Nick Bonino wa Pittsburgh akafunga bao la ushindi, na Singh akalipuka akirudia jina lake, Bonino, Bonino, Bonino, bila kupumua. Watu wasiojua neno moja la Kipanjabi wakaisambaza hiyo sauti kila mahali. Pittsburgh walipochukua kombe waliwaita hao watangazaji kwenye sherehe yao. Singh hakuwahi kucheza NHL. Ila alileta mchezo sebuleni kwa akina nyanya ambao walikuwa wanauona kama kelele za jirani.

Na sisi hatuanzii sifuri. Nchi hii ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela. Watu ambao hawajawahi kuingia Nairobi, achilia mbali uwanja wa mpira, waliona mabao kwa masikio. Alifariki Februari 2025, na wazee wa mtaa wetu walimkumbuka kwa mechi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hivyo nilijaribu. Nina rafiki, jina naweka, ni wa hapa Kitengela, alianza na viatu vya magurudumu kwa lami, kisha akaonja barafu akanasa. Ana miaka 26 na goti lake la kulia linajua majira ya mvua kuliko watu wa hali ya hewa. Nilichukua vidio alizorekodi kwa simu mazoezini, tukakaa kejani kwangu, yeye akinieleza, mimi nikitangaza. Saa moja ya kwanza ilikuwa takataka. Nilikuwa natafuta maneno ya kitabuni. Halafu tukaachana na vitabu.

Kumsukuma mtu kwa bega hadi abamize ukuta? Hilo tunalo: kumbo. "Amepigwa kumbo!" Hata hutaji maelezo. Lile shuti la kuinua fimbo juu na kuishusha kwa nguvu zote tuliliita kofi, maana linasikika kama kofi. Mchezaji akifanya makosa anatolewa dakika mbili anaenda kukaa kwenye kiboksi, timu yake inabaki pungufu. Rafiki yangu akasema, "Si huyo ameingia selo?" Basi. Ameingia selo dakika mbili, wenzake wanne wanalinda nyumba. Na ile ya kubadilishana wachezaji bila mchezo kusimama, kila sekunde arobaini hivi, tukasema wanapokezana, kama makanga wa stendi.

Nikampelekea mjomba wangu aliye Kajiado mjini. Mjomba ni mtu wa ng'ombe, mpira wake wote ni wa redio, na barafu aliyowahi kuishika ni ya friji ya duka. Akasikiliza dakika saba nzima bila picha. Kisha akaniuliza, "Sasa huyo wa selo, wenzake wakifungwa kabla dakika zake kuisha, bado anaendelea kufungwa ama anaachiliwa?"

Manze, nilitaka kulia. Hilo ndilo swali lenyewe! Kwa kosa dogo, wakifungwa, anaachiliwa. Mjomba alikuwa ameelewa mchezo ambao hajawahi kuuona, na tayari alikuwa anataka kujua sheria.

Kulikuwa pia na mtu mmoja wa redio, kituo wacha tukiache, tulimpelekea ileile rekodi. Alisikiliza sekunde ishirini hivi akasema huo ni mchezo wa wazungu, tumletee kandanda. Sikumjibu. Kandanda ililetwa na nani, na babu yake?

Ila kuna jambo moja lazima niliseme ndiyo tusidanganyane. Kuwa mchezaji hakukufanyi mtangazaji. Wastaafu kibao wanaingia studio na kusema tu "timu inafaa kufunga mabao", asante sana profesa. Kule nje wanaketi wawili kwa sababu hiyo: mmoja anafuata paki kwa mdomo, mwingine aliyecheza anaeleza kwa nini. Rafiki yangu si wa kiti cha kwanza. Kasi inampiga chenga, anakwama kwa majina. Lakini mpe kiti cha pili uone. Kuna mahali kwa ile rekodi ananiambia, "Angalia nyonga ya huyu beki, usiangalie fimbo. Ameshaamua kurudi nyuma." Na sekunde mbili baadaye beki anarudi nyuma. Mimi nimetazama hiyo vidio mara nne na sikuwa nimeona nyonga.

Pesa? Hakuna, kwa sasa. Tuna simu mbili, maikrofoni moja ya kubana kwa kola, na nauli ya kwenda Panari na kurudi, ambayo mvua ikinyesha inapanda mara mbili mnavyojua. Daktari amemwambia apumzishe hilo goti miezi mitatu. Amekubali shingo upande, kwa sharti kwamba hizo wikendi zote atakaa nami pembeni ya barafu akiwa amevaa koti, maikrofoni kwa kola. Kitu kimoja tu bado kinatushinda. Mchezaji akipiga paki kutoka upande wake ikavuka uwanja wote bila mtu kuigusa, refa anasimamisha mchezo, na hatuna neno lake. Mjomba amependekeza "kutupa mbali na boma". Mimi naona ni refu kidogo. Mwenye fupi alilete kabla ya Jumamosi.