Viatu vya Kupandia Shimba

Mtu wa pwani yetu hukua nyayo zake zikiujua mchanga kabla ya kitu kingine chochote. Kutoka Waa hadi Msambweni, champali moja yamtosha kwenda sokoni, kuzuru jamaa na kurudi nyumbani bila ya kujutia. Mwenye kupenda kujipamba ana makubadhi yake ya ngozi kwa siku ya Ijumaa na harusi. Akina mama waendao mwambani kutafuta pweza maji yakipwa huvaa raba kuukuu, isiyowauma moyo ikichanwa na matumbawe. Ndiyo sababu familia ikiazimia kupanda Shimba, chakula hupangwa juma zima, gari hutafutwa mapema, na suala la viatu husubiri usiku wa kuamkia safari. Hapo kila mtu huvaa kilichoko mlangoni.

Nami naona viatu ndivyo vya kuanzia. Anayetoka Diani hupita Ukunda, akashika barabara ya Likoni mpaka Kombani, kisha akaiacha bahari mgongoni na kupanda kuelekea mji wa Kwale. Njia hiyo ni fupi, lakini mwisho wake ni kama nchi nyingine. Vilima vya Shimba vimeinuka zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na upepo utokao majini ukivifikia hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, alfajiri ya huko hukuta nyasi zimelowa kana kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Mtoto aliyeondoka nyumbani akitoa jasho huomba shali ya mamake. Baridi yenyewe haimwumizi mtu. Kinachomtesa ni umande, kwa kuwa huingia katika raba ya kitambaa kwa hatua kumi tu, na mguu uliolowa ndani ya kiatu hauchelewi kutoka malengelenge.

Wengi hupanda kwa ajili ya palahala, ambaye wengine humwita mbarapi. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1968 na kutunzwa hivi leo na Shirika la Wanyamapori la Kenya, ndiyo makao yake ya pekee porini katika nchi yetu. Dume lake ni jeusi linalong'aa, tumbo jeupe, na pembe zimepinda kwenda nyuma kama majambia mawili. Majike na watoto ni wa rangi ya hudhurungi. Ndovu nao wako, na misitu ambayo jua haliigusi ardhi yake, lakini palahala hupenda mbuga za nyasi zilizo baina ya misitu, na hapo ndipo macho ya wageni hutua.

Zamani hakufuatwa kwa macho peke yake. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana huyo aliteremka mpaka pwani kuwatafuta palahala wa Shimba, na wataalamu wakaiita aina hii kwa jina la Roosevelt. Jina hilo linadumu vitabuni hadi leo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sisi tulioupata urithi huu tunapanda na darubini na chupa ya chai.

Hata hivyo, wawindaji wa kwao Roosevelt bado wanatufikia kwa njia ya kuchekesha. Tembea katika mitumba ya Kongowea au ya hapa Ukunda, na baina ya raba za watoto utakuta buti kubwa, zito, lenye manyoya ya bandia ndani na nambari 400 au 800 iliyoandikwa ubavuni. Wanunuzi wengi hudhani ni saizi au bei. Hizo ni gramu za sufi ya kuzuia baridi kwa kila mita moja ya mraba, na buti la namna hiyo lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa kimya saa nyingi katika theluji ya milima ya Marekani, akimvizia elki, yule kulungu wao mkubwa kuliko ng'ombe wetu wengi. Kule kadiri nambari inavyozidi ndivyo vidole vinavyosalimika. Kwetu kadiri inavyozidi ndivyo mguu unavyopikwa. Nilimsikia muuzaji mmoja akilisifu kwa mama aliyesimama hapo: "Mamangu, hili ni buti la barafu, halipenyi baridi hata ukihamia Ulaya." Mama akalirudisha mezani taratibu. "Mwanangu, mie naishi Mwabungo."

Alisema kweli. Kwa Shimba buti lenye sufi halifai kabisa, hata kwa alfajiri ya Julai. Kinachotakiwa ni kiatu chepesi kinachofunika fundo za miguu, chenye kamba, chenye soli ya mpira iliyochimbwa mitaro mirefu. Fundo zifunikwe kwa sababu ya nyasi na vilivyomo: kupe, siafu, upupu, na majoka ambayo aghalabu hukimbia mapema kuliko sisi. Mitaro ni kwa sababu ya udongo, ambao kukiwa kikavu hujaa mchanga unaoviringika chini ya mguu, na kukinyesha huteleza kama sabuni. Baadhi ya viatu vya mitumba vina utando ndani unaozuia maji kuingia; ni jambo zuri, ila utando huo huzuia pia jasho kutoka, na mtu wa miguu yenye jasho atakuwa amebadilishana maji kwa maji. Gambuti nalo ni hodari kwa matope ya shambani, lakini kisigino hucheza ndani yake, na mwenye kupanda nalo mlima hurudi amechubuka.

Mtihani wa kweli uko kwenye maporomoko ya Sheldrick. Humo hifadhini watu hukaa garini, wakashuka mahali palipoidhinishwa tu. Ila kwenda kwenye maporomoko ni kwa miguu, pamoja na askari mwenye bunduki, kiasi cha kilomita 2. Safari ya kwenda ni mteremko, na hiyo ndiyo hila yake. Katika mteremko mguu husukumwa mbele ndani ya kiatu, vidole vikagonga ncha, na kiatu kilichokuwa "kimekaa vizuri" dukani hugeuka adui kabla ya kuyasikia maji. Kwa hiyo mguu upimwe jioni, wakati umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na soksi ileile ya safari iwe imevaliwa. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha: nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja. Ukifunga kamba, kisigino kisiinuke. Soksi ziwe za sufi nyembamba au nailoni, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki siku hiyo. Na kule chini, mbele ya maji yanayoanguka zaidi ya mita 20, watoto watataka kuvua viatu waingie majini, nawe utaona ni nani aliyefungwa kamba kwa mafundo ya kudumu.

Jambo moja halizungumzwi sana, nalo ni sala. Adhuhuri huwakuta watu hifadhini, maji ni ya kubebwa, na kuvua viatu na soksi za watoto watano ni kazi ya nusu saa. Buti linalofunika fundo, lililo imara la kutembewa na kuzuia maji, huingia katika hukumu ya khofu: mwenye kulivaa akiwa na udhu kamili anaweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana mmoja na usiku wake kwa asiye msafiri. Sisi wa Diani na Msambweni hatujawa wasafiri kwa kufika Kwale, basi muda wetu ni huo. Ila angalia soli. Mavi ya ndovu hayakosekani njiani, nayo katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi. Na buti likivuliwa, ruhusa ya kupangusa imekatika. Bebeni chupa moja ya maji kwa ajili ya soli peke yake. Masuala mengine muulizeni ustadhi wenu kabla ya safari.

Kwa akina mama na mabinti, nguo na kiatu huamuliwa pamoja. Buibui linalofagia ardhi hunywa umande hadi magotini, likawa zito na kushikwa na miiba. Gauni pana linalokoma juu kidogo ya kiatu, na suruali ndani yake iliyochomekwa kwenye soksi, hustiri vizuri na humwacha mtu atazame mbele badala ya kushika pindo. Rangi ziwe za udongo au majani. Weusi na buluu nzito huwavuta ndorobo, na wanauma kweli.

Kabla ya kulipa pesa za mitumba, bonyeza soli kwa ukucha, hasa ile tabaka laini iliyo baina ya ngozi na mpira. Mabuti mengi ya kisasa yana tabaka la povu ambalo huoza kwa unyevu wa hewa hata likikaa sandukuni bila kuvaliwa, na hewa yetu ya chumvi na joto haina huruma nalo. Kwa macho buti ni jipya; njiani soli hubanduka nzima, ikabaki kwenye nyasi kama ulimi. Likimeguka kwa ukucha au likionyesha nyufa, liache. Kisha likunje: livunjike pale vidole vinapokunjika, lisivunjike katikati ya unyayo. Watoto hawahitaji buti la thamani. Raba imara ya shule yenye meno chini, pamoja na soksi za akiba, yawatosha, na mwakani saizi itakuwa nyingine.

Yule binti anayejiandaa kupanda Lenana katika Mlima Kenya, mita 4,985, au Kilimanjaro, mita 5,895, ndiye pekee mwenye sababu ya kurudi kwenye lile buti zito la mezani. Na hata yeye nambari ndogo yamtosha, maana mpandaji hutembea, haketi akimvizia elki. Alivae kwanza siku nyingi barabarani hapa hapa, watu wakicheka.

Mkirejea nyumbani, msiyaanike mabuti juani. Ngozi hupasuka na gundi huachia. Toeni kitandiko cha ndani, osheni matope, jazeni magazeti, na yawekeni barazani penye upepo siku mbili, mkibadilisha magazeti jioni ya kwanza. Yakikauka pakeni mafuta, kisha yahifadhiwe juu ya kabati, nje ya mfuko wa plastiki, kwani ndani ya mfuko kuvu huota kwa juma moja. Na kabla ya kuyaingiza ndani, chunguzeni kamba na soksi kwa mkono: kupe wa Shimba hupenda kuja Diani.