Mguu wa Simba na Maji ya Bahari

Ukimwambia mtu hapa chuoni kwamba mbwa naye hutibiwa kwa mazoezi ya majini, atacheka kwanza. Mimi nimeshazoea, likizo iliyopita nilichekwa na mtaa mzima.

Mbwa wetu, Simba, aligongwa na bodaboda akavunjika mguu wa nyuma. Mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki umekunjwa juu na paja likasinyaa. Mzee akasema mbwa wa ulinzi asiyekimbia anakula bure, bora achomwe sindano apumzike. Kwa hali ya nyumbani, sikumwona katili. Nilimwomba anipe wiki sita tu.

Wazo lilitoka kwa daktari wa mifugo. Alinieleza kwamba Uingereza na Marekani kuna vituo vyenye mabwawa ya maji ya vuguvugu, na mashine ambayo mbwa anatembea juu ya mkanda unaozunguka chini ya maji. Kinachotibu pale ni maji kumbebea uzito. Watafiti wa Marekani walipima, wakachapisha matokeo mwaka 2010: maji yakifika goti la nyuma, mbwa bado anabeba asilimia 85 hivi ya uzito wake, yakifika nyonga, anabeba kama asilimia 38 tu. Papo hapo maji yanaukinza mguu, kwa hiyo msuli unafanya kazi bila kiungo kuumia.

Mashine tungeitoa wapi? Ila Tanga tuna bahari, ya vuguvugu na ya bure. Daktari alihakikisha kwanza kwamba mfupa umeshika, kidonda kimefunga na moyo uko sawa. Basi kila asubuhi, bahari ikiwa shwari, nilimpitishia Simba kanga kuukuu ya mama chini ya tumbo, tukaingia mpaka maji yamfike nyonga. Siku ya kwanza dakika tatu tu. Tukirudi, namsuuza chumvi kwa maji ya kisima na kumkausha. Watoto wa ufukweni waliniuliza kama nambatiza.

Wiki ya pili mguu ukagusa mchanga. Nikapunguza kina kidogo kidogo: usawa wa paja, wa goti, mwisho nchi kavu. Leo bado anachechemea, lakini anakanyaga kwa miguu yote minne, na akibweka usiku Mzee anaamka. Habari ya sindano haijatajwa tena.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha, kidato cha kwanza. Wengi wa watoto wale wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla wanakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Wenzangu wengine wanasema ukiwafafanulia kwa Kiswahili unawadekeza. Jamani, mbona Simba hakudekezwa na bahari? Mimi nitafafanua, halafu nitapunguza taratibu, wiki kwa wiki, kadiri wanavyopata nguvu ya kusimama wenyewe.